Fremu Kumi na Mbili kwa Sekunde

Pale studio walimwita Mkasi kwa sababu ya kazi yake ya kukata. Watu walileta video za harusi, za mahafali, za matangazo ya maduka, naye akakata panapochosha na kuunga panapopendeza, bila huruma hata kidogo. Bibi harusi akilia dakika tisa, Mkasi humwachia sekunde ishirini. "Machozi nayo yana kipimo," alikuwa akisema, na wenzake huvunjika mbavu.

Asubuhi ile hakuwa na mzaha na mtu. Saa mbili tayari alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, mkoba bado begani, akisubiri vipande vya video kutoka kwa kaka yake. Mama yao alikuwa hospitali, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, mguu wa kulia umefungwa bandeji, na alikuwa amekataa katakata ukatwe.

Ilianza kama kidonda kidogo kwenye kidole. Mama ana ugonjwa wa sukari, na watu wenye sukari wanaambiwa wasipuuze vidonda vya miguu, lakini yeye alikifunga kitambaa akaendelea na cherehani yake. Alipokuja kukionyesha, vidole viwili vilikuwa vimeshageuka rangi. Daktari wa upasuaji, bwana mpole asiyepoteza maneno, alikuwa amemvuta Mkasi kando kwenye korido jana yake.

"Kesho saa saba mchana nina nafasi," alimwambia. "Tukikata saa hiyo, tunachukua mguu chini, juu kidogo ya kifundo. Tukichelewa, sumu itapanda na tutakata juu ya goti. Tukichelewa zaidi ya hapo, hatutakata kitu."

Mkasi aliielewa vizuri mno ile sentensi ya mwisho.

"Mama amekataa, daktari."

"Basi mkamwambie akubali. Ana akili zake timamu. Bila ridhaa yake siwezi kumgusa."

Kumwambia ndiko kulikokuwa kazi. Mama alikuwa kiziwi tangu akiwa mtoto wa miaka mitatu. Hakuwahi kupelekwa shule ya viziwi wala shule nyingine yoyote. Lugha yake ilikuwa alama za nyumbani, walizozibuni yeye na marehemu mumewe, kisha wanawe wawili wakazaliwa ndani yake na kuziongeza. Hospitali ilimleta mkalimani wa lugha ya alama, dada mmoja nadhifu mwenye moyo mzuri. Akainua mikono, akaeleza kwa dakika tano. Mama alimtazama kwa adabu mpaka mwisho, kisha akamgeukia Mkasi na kuuliza kwa vidole: "Huyu anafukuza nzi?"

Kwa hiyo duniani kote walibaki watu wawili wa kumweleza, Mkasi na Kaka. Na Mkasi, Mama hakumwamini.

Hakumwamini katika mambo ya hospitali tu. Kwa mengine yote alikuwa mwanawe kipenzi. Lakini Baba alipofariki hospitalini, Mkasi akiwa na miaka kumi na minne, wajomba walimkalisha chini wakamwambia asimwambie Mama mpaka mipango ikamilike, maana Mama alikuwa na mimba changa na shinikizo la damu. Siku tatu nzima Mama aliuliza, "Anaendeleaje?" na siku tatu nzima Mkasi alilaza shavu juu ya kiganja: "Amelala." Mama aligundua alipoona wageni wanaingia na nyuso zao. Mimba nayo haikukaa. Hakumpiga wala hakumgombeza. Alimshika vifundo vya mikono, akavitazama kwa muda mrefu, akasema: "Hii mikono imenidanganya."

Sasa, miaka kumi na saba baadaye, kila Mkasi alipoeleza habari ya mguu, Mama aliitazama mikono ile ile na kutikisa kichwa. "Mlete kaka yako. Aniambie yeye."

Kaka alikuwa fundi umeme kwenye ujenzi wa handaki la bwawa, mwendo wa siku mbili kwa gari, na ruhusa yake ilikuwa ianze baada ya siku mbili. Walijaribu kupiga simu ya video. Mtandao wa kambini ulikuwa wa kuombea dua. Picha iliganda Kaka akiwa ameweka mkono mdomoni, ikakaa hivyo dakika mbili, Mama akidhani mwanawe analia. Ndipo wakaafikiana Kaka ajirekodi kabla ya kuingia zamu, atume vipande vidogo vidogo, Mkasi aviunge.

Vipande kumi na kimoja viliingia saa mbili na dakika arobaini. Mkasi alipofungua cha kwanza, roho ilimshuka. Kaka alikuwa amejirekodi ndani ya kontena wanamolala, dirisha likiwa nyuma yake. Mwanga wote ulikuwa mgongoni. Uso wake ulikuwa kivuli, na mikono, ambayo ndiyo maneno yenyewe, ilikuwa vivuli viwili vinavyopigana. Alimpigia haraka arekodi tena. Simu haikupatikana. Kaka ameshashuka handakini, hatatoka mpaka jioni.

Akaanza kazi. Kipande kwa kipande aliinua mwanga mpaka vidole vikaanza kuachana na giza. Alipunguza weupe wa dirisha, akapanga vipande vilivyokuja shaghalabaghala. Na katikati ya kuhangaika huko, maneno yakaanza kusomeka. Kaka alizungumza kwa utulivu, kama mtu aliyekaa kitandani kando ya mamaye. Mama, ni mimi. Daktari amesema kweli, si dada yangu peke yake. Mguu umeoza. Usiogope. Kubali. Kisha akamvuta mbele ya kamera fundi wa kulehemu anayefanya naye kazi, jitu la miraba minne, ambaye alikunja suruali akaonyesha mguu wa bandia, akatembea kwenda na kurudi, na mwisho akacheza kidogo vibaya sana, kiuno kikienda huku mguu ukienda kule. Kaka akacheka. Nitakuja baada ya siku nne, Mama. Nitakubeba mwenyewe. Dakika saba kamili. Kwa mara ya kwanza maishani, Mkasi hakukata kitu.

Saa nne na nusu alimaliza. Ikabaki kuitoa video kwenye programu na kuipeleka.

Hapo ndipo hofu iliposhika usukani. Dirisha la kutolea kazi lilifunguka na orodha yake ndefu: aina ya faili, ukubwa wa picha, fremu, yaani picha, ngapi kwa sekunde, uzito wa faili kiasi gani. Kazi hiyo aliifanya kila siku kama anavyofunga vifungo vya shati. Lakini akilini alikuwa na kitu kimoja tu, saa. Mtandao wa hospitali ni mbovu, alijiambia, faili kubwa halitafika. Akachagua picha ndogo. Akashusha uzito. Akashusha fremu kutoka thelathini kwa sekunde hadi kumi na mbili. Dakika nne tu, faili likatoka, jepesi kama unyoya. Akalituma kwenye simu ya nesi wa wodi, akaandika: "Sista, tafadhali mwonyeshe Mama. Asante sana. Mungu akubariki." Aliegemea kiti, akavuta pumzi yake ya kwanza tangu asubuhi.

Saa tano na dakika ishirini nesi alipiga.

"Dada, mama ameona. Ameona mara mbili."

"Amekubali?"

"Amechukua ile fomu ameisukuma mpaka imeanguka chini. Tena sasa hivi ana hasira. Ngoja nikuonyeshe." Nesi akawasha kamera, akamgeuzia Mama simu.

Mama alimwona mwanawe kwenye kioo, akainua mikono. Picha ilikwama na kukwamuka, lakini Mama aliirudia ile alama polepole, kama anayemfundisha mtoto. "Kaka yako amesema nisikubali."

Mkasi alikata simu, akalifungua lile faili dogo alilolituma, akalipeleka moja kwa moja pale kwenye maneno yale mawili, usiogope na kubali. Kwa alama zao, usiogope ni kiganja kinachozunguka kifuani mara mbili, upesi upesi. Hapana ni kiganja kinachoondoka kifuani kwenda pembeni. Na video ni nini, kama si picha zilizosimama, moja baada ya nyingine, upesi mpaka jicho linadanganyika? Yeye alikuwa ameondoa picha kumi na nane katika kila sekunde. Mzunguko wa kiganja cha Kaka ulikuwa umeangukia humo humo katika zile zilizoondolewa. Kilichobaki ni kiganja kifuani, kisha ukungu, kisha kiganja pembeni. Hapana. Kubali. Yaani, usikubali. Mama alikuwa amesoma sawasawa kilichoandikwa. Aliyekiandika ni Mkasi.

Tena, alipoangalia vizuri, aliona ameiacha sauti ilivyo, safi kabisa, bila kuiminya hata chembe. Dakika saba za ngurumo ya jenereta, kwa ajili ya mwanamke asiyesikia.

Alishika kichwa kwa mikono miwili akacheka kicheko kibaya, mpaka mwenye studio, ambaye wote walimwita Chifu, akachungulia kutoka nyuma ya lile pazia la kijani la kupigia picha.

"Vipi, Mkasi?"

"Hakuna. Naharakisha."

Na kweli aliharakisha, akaanguka upande wa pili. Sasa alichagua kila kilicho kikubwa kuliko vyote. Ubora wa juu kabisa, uzito wa juu kabisa, ile aina ya faili wanayoitumia wanapopelekeana kazi mafundi kwa mafundi. Hakuna kidole kitakachopotea, aliapa. Ataiweka kwenye flashi, ataipeleka mwenyewe, kwenye chumba cha kusubiri cha wodi kuna televisheni ukutani. Akabonyeza. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Asilimia tatu. Asilimia nne. Ile kompyuta ilikuwa ya miaka mingi, na feni yake ilinguruma kama inapandisha mlima. Mkasi alisimama, akakaa, akasimama tena. Alikunywa maji asiyaone yakipita. Dakika arobaini na mbili alizihesabu zote.

Saa sita na nusu ilifika asilimia mia. Akachomeka flashi, akalivuta faili. Ujumbe ukatokea: faili hili ni kubwa mno kwa flashi hii. Akajaribu tena, kana kwamba flashi ingemwonea huruma. Faili ni kubwa mno.

Ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, kichwa juu ya kibodi, na kwenye skrini herufi moja ikajiandika mistari na mistari.

Chifu alikuja akavuta kiti. Alikuwa mzee wa maneno mengi, lakini safari hii alisikiliza hadithi yote bila kuikatiza. Mwisho akauliza swali moja.

"Mteja akija hapa anataka video yake, wewe unamuuliza nini kwanza?"

Mkasi alifuta makamasi. "Namuuliza itaonyeshwa wapi."

"Na hii itaonyeshwa wapi?"

"Kwenye televisheni ya wodi."

"Televisheni gani? Ya mwaka gani? Inasoma nini?"

Hakujua. Hakuwa ameuliza. Kila siku aliwacheka wateja wanaosema "nipe tu ile nzuri," na leo yeye mwenyewe alikuwa ametaka kwanza ile ndogo, halafu ile nzuri.

"Basi pigia hospitali," alisema Chifu. "Acha kuchagua kwa woga."

Nesi alikuwa na wagonjwa ishirini na sita, lakini alipanda juu ya kiti, akapenyeza mkono nyuma ya televisheni na kusoma kibandiko. Ilikuwa ya zamani. Ilisoma faili za kawaida, za aina ile iliyozoeleka kila mahali. Hizi mpya zingeleta sauti bila picha. Mkasi aliandika kila neno. Kisha akarudi kwenye lile dirisha, na sasa alilisoma kipengele kwa kipengele kama mtu aliyevaa miwani. Aina ya faili, ile ya kawaida. Ukubwa wa picha, sawa na kioo cha televisheni, na kwa kuwa Kaka amerekodi simu ikiwa wima, akaacha weusi pembeni ili viwiko visikatwe. Fremu thelathini, zote, kama zilivyotoka mikononi mwa Kaka. Uzito wa kati kwenda juu, akaujaribu kwanza kwenye sekunde kumi tu, zile za usiogope, akazitazama. Kiganja kikazunguka mara mbili. Sauti, akaizima kabisa.

"Hapo sasa," alisema Chifu.

Dakika kumi na nne. Saa saba kasoro dakika tano faili lilikuwa ndani ya flashi, na flashi ilikuwa ndani ya ngumi ya Mkasi. Chifu alimrushia mwenye pikipiki wa nje hela kutoka dirishani. "Mpeleke hospitali, na usinivunjie mtu!"

Aliingia wodini saa saba na robo, akitweta. Walimsukuma Mama kwa kiti cha magurudumu mpaka chumba cha kusubiri. Nesi akachomeka flashi. Kioo kikawa cheusi, kikakaa cheusi, Mkasi akawa anaomba kimoyomoyo bila maneno. Kisha Kaka akatokea, mkubwa, mikono yake mikubwa kuliko sahani, na kila kidole mahali pake.

Mama hakupepesa. Video ilipofika kwenye yale maneno mawili aliinama mbele. Fundi wa kulehemu alipocheza, akina mama wengine mle chumbani walicheka. Mama hakucheka, ila macho yake yaliufuata ule mguu kwenda na kurudi. Video ilipokwisha alimgeukia Mkasi.

"Asubuhi alisema hapana. Sasa anasema usiogope. Lipi ni lake?"

Hapo njia ilikuwa nyeupe. Angeweza kusema simu ya nesi ni mbovu. Angeweza kusema, Mama, hukuona vizuri. Daktari alikuwa amesimama mlangoni akitazama saa yake. Neno moja dogo, na Mama angetia dole gumba kwenye wino. Akieleza ukweli, huenda Mama akasema, mikono ile ile tena.

Mkasi alipiga magoti mbele ya kile kiti ili mikono yake ionekane vizuri.

"Hili ndilo lake," alisema. "Lile la asubuhi niliharibu mimi. Niliminya picha ili ifike upesi. Nikatupa vipande vya mikono yake. Yeye hakusema hapana hata mara moja. Ni mimi."

Mama aliitazama ile mikono. Ilikuwa inatetemeka, na kwa Mama mkono unaotetemeka ni kama mtu anayeongea kwa kigugumizi.

"Mwanzo," alisema. "Irudie."

Wakairudia yote, dakika saba. Wakati huo simu ya daktari iliita, akaongea kwa sauti ya chini, akaondoka. Mama alipomaliza kuangalia mara ya pili, alinyoosha dole gumba mwenyewe. Nesi akaleta wino na fomu. Mkasi aliusindikiza ule mkono mpaka kwenye karatasi, na machozi yake yalidondoka juu ya alama ya dole.

Lakini nafasi ilikuwa imekwenda. Mwanamke mjamzito aliletwa akivuja damu, na chumba cha upasuaji ni kimoja. "Kesho saa moja asubuhi," daktari alisema aliporudi. Akafungua bandeji kidogo, akabonyeza juu ya kifundo, akabonyeza juu zaidi, akaifunga tena.

Asubuhi walikata juu ya goti.

Hakuna aliyemlaumu Mkasi. Daktari alisema huenda hata jana yake ingebidi hivyo. Alisema huenda. Mkasi alilikamata lile neno akakaa nalo kwenye benchi la korido siku nzima, akiligeuza upande huu na ule. Chifu alimpigia kumpa pole, akasema tu, "Kompyuta yako ipo, itakusubiri."

Mama alipozinduka alipapasa shuka, akafika pale ambapo shuka lilikuwa tambarare. Kisha akageukia ukuta. Kwa mtu mwenye masikio, kugeukia ukuta ni ishara ya huzuni. Kwa Mama ilikuwa ni kufunga mlango na kutia komeo. Asiyekutazama huwezi kumwambia kitu. Siku mbili Mkasi alikaa upande wa mgongo wake. Alimbadilisha shuka, akamlisha uji kijiko kwa kijiko, macho ya Mama yakiwa kwenye rangi ya ukuta.

Siku ya tatu jioni Kaka alifika, siku moja kabla ya ahadi yake, vumbi la safari mpaka kwenye kope. Alizunguka kitanda akajibanza kati yake na ukuta. Mama akamshika uso, akamvuta masikio kama mtoto mtundu, akalia. Waliongea mpaka chakula cha jioni kikapoa. Mkasi hakuona walichosema. Mgongo wa Mama ulificha mikono.

Kaka alipotoka kunawa, Mama aligeuka. Alihangaika, maana mwili ulikuwa umepoteza usawa wake, na Mkasi alitaka kumsaidia ila akakatazwa kwa kidole. Aligeuka mwenyewe mpaka wakawa uso kwa uso.

"Pale kazini kwako," Mama aliuliza, "ni wewe unayechagua?"

"Ndiyo, Mama."

"Nieleze. Unachaguaje?"

Mkasi hakujua aanzie wapi. Katika maisha yake yote hakuwahi kumweleza Mama kazi yake zaidi ya alama ya mkasi na alama ya televisheni. Alianza na fremu, akakwama pale pale, kwa sababu hawakuwa na alama yake. Alijaribu kuonyesha picha nyingi zilizopangana. Mama akakunja uso. Alijaribu karata. Mama akatikisa kichwa, akafikiri kidogo, kisha akaweka ncha ya kidole kwenye shuka na kukipandisha na kukishusha harakaharaka huku akikisogeza mbele, kama sindano ya cherehani inavyokwenda kwenye kitambaa. Akainua nyusi: hivyo?

"Hivyo," Mkasi alisema. "Hivyo hivyo."

"Na wewe ulishona kwa nafasi," Mama alisema, akionyesha hatua pana, za mshono usioshika kitu.

"Ndiyo."

Mama alipumua kwa pua. Alitazama pale shuka lilipolala tambarare, na hakuificha ile hasira iliyokuwa bado usoni mwake. Kisha akagonga kidole kitandani mara mbili, kumtaka aendelee.

"Haya. Baada ya hapo kunafuata nini?"